Njia Isiyojua Honi ya Matatu

Juma lililopita nilipokea barua ya mama mmoja wa mtaa wa Umoja, hapa Nairobi, na nimeona si vyema kumjibu faraghani kwa sababu wazazi wenye swali kama lake si haba. Dadake mdogo anafanya kazi katika mji wa Rennes, huko Ufaransa, na amewaalika watoto wa mama huyu, mvulana wa miaka 14 na msichana wa miaka tisa, wakae naye likizo ya Agosti. Mambo yalikuwa shwari hadi mama mdogo huyo alipodokeza kwamba atawatembeza watoto kwa baiskeli, siku tatu mfululizo, kando ya mfereji wa zamani, kutoka mji wa Redon hadi mji wa Pontivy katika eneo la Bretagne.

"Hapa kwetu," anaandika mama, "mwanangu akivuka barabara kununua mkate, roho yangu huwa mkononi hadi arudi. Sasa baiskeli siku tatu, Ulaya, ambako magari ni mengi kama siafu? Nimkubalie dadangu au nimkatalie?"

Mama, nitakujibu kwanza kisha nieleze. Mkubalie. Lakini siku zisiwe tatu, ziwe nne au tano. Na hofu yako usiitupe; ibadilishe tu mahali. Iondoe kwenye magari uiweke kwenye maji.

Sitakucheka kwa hofu hiyo. Anayeishi katika jiji hili anajua matatu ikichelewa hupanda hadi pale tunapopita kwa miguu, na bodaboda hutokea upande ambao hukuutazama. Mtoto wa Nairobi hujifunza baiskeli kwenye kijia cha ploti au uwanja wa kanisa, mita 30 kwenda, mita 30 kurudi, na akishajua vizuri baba huifunga baiskeli kwa mnyororo kwa sababu hakuna pa kwenda nayo. Kwa hivyo ukisikia siku tatu za baiskeli, picha inayokujia ni ya Jogoo Road. Ni haki yako. Ila huko anakotaka kuwapeleka dadako si Jogoo Road, wala si barabara ya magari iliyochorewa mstari mweupe pembeni.

Tuanze na mahali penyewe. Bretagne ni rasi ya magharibi kabisa mwa Ufaransa, iliyojitokeza katika bahari ya Atlantiki kama mkono unaoomba kitu kutoka Marekani. Kwenye ncha yake iko Brest, bandari ya manowari. Mwanzoni mwa karne ya 19, Napoleon alipokuwa akipigana na Waingereza, bandari hiyo iligeuka nyumba iliyofungwa kwa nje. Manowari za Waingereza zilizunguka pwani usiku na mchana, na merikebu za Wafaransa zilizobeba mbao, chakula na baruti zilinaswa kabla hazijatia nanga. Ikaamuliwa basi kwamba pachimbwe njia ya maji itakayopita bara, kutoka Nantes hadi Brest, ambako manowari haziwezi kufika. Kazi ilianza mwaka 1811. Mfereji ulipokamilika mwaka 1842, Napoleon alikuwa na miaka 21 kaburini na vita vyenyewe vilikuwa hadithi ya wazee.

Mfereji huo una urefu wa kilomita zipatazo 360. Nchi yenyewe ina vilima, na maji hayapandi mlima, kwa hivyo ilibidi wajenge ngazi. Kila daraja la ngazi hiyo ni chumba cha mawe chenye milango mizito mbele na nyuma. Mashua inayopanda huingia chumbani, mlango wa nyuma hufungwa, maji huachiliwa kutoka upande wa juu, mashua huinuka nayo taratibu, kisha mlango wa mbele hufunguliwa ikaendelea na safari. Vyumba vya namna hiyo vilikuwa zaidi ya 230, na karibu navyo zilijengwa nyumba ndogo za watu walioajiriwa kufungua na kufunga milango. Nyingi zingalipo hadi leo, na baadhi zimegeuzwa mikahawa na nyumba za wageni.

Sasa sikiliza jambo ambalo ndilo kiini cha jibu langu. Matishali ya zamani hayakuwa na injini. Yalivutwa kwa kamba na farasi waliotembea ukingoni, na mwenye tishali asiyeweza kulipia farasi alijifunga kamba kifuani, yeye na mkewe na wanawe, wakavuta. Farasi anayevuta tani kadhaa za mawe hawezi kupanda mlima, hawezi kuruka ua, hawezi kuzunguka mti, maana kamba ingenasa. Kwa hivyo njia ya ukingoni ilitengenezwa iwe tambarare, pana kiasi, isiyo na kizuizi, kutoka mwanzo hadi mwisho. Kati ya mlango na mlango haipandi hata kidogo. Penye mlango hupanda mita chache, kama kupanda tuta, kisha inalala tena.

Njia iliyotengenezwa kwa ajili ya farasi aliyechoka ndiyo hiyo hiyo anayoiweza msichana wa miaka tisa.

Mahali pamoja kilima kilikataa kuzungukwa. Karibu na kijiji cha Glomel, palipo na kilele cha mfereji wote, ililazimu kilima chenyewe kikatwe. Kati ya mwaka 1823 na 1832 wafungwa, wengi wao askari waliotoroka jeshini, walichimba kwa sururu na koleo mtaro wenye urefu wa karibu kilomita tatu na kina kinachopita mita 20. Baadhi yao walifia hapo. Leo kuta za mtaro zimefunikwa na miti, ndege wanaimba, na watalii hupita chini wakimenya ndizi. Dadako hatawafikisha watoto huko safari hii, lakini awaambie kisa hicho. Vijana wetu wakiona kitu kizuri Ulaya hudhani kimeshuka na mvua.

Kwa muda mrefu mfereji ulifanya kazi yake, si ya vita tena bali ya wakulima. Chokaa na mbolea viliingia bara, ambako udongo ulikuwa na asidi na mavuno haba. Mbao na yale mawe bapa meusi ya kuezekea nyumba yakatoka. Kisha ukapigwa mapigo mawili. La kwanza lilikuwa reli. La pili lilikuwa umeme: kati ya mwaka 1923 na 1930 lilijengwa bwawa la Guerlédan, ukuta wenye kimo cha mita 45 hivi ukakingamishwa bondeni, na sehemu ya mfereji ikazama pamoja na milango yake na nyumba za walinzi. Tangu wakati huo hakuna mashua iliyopita kutoka Nantes hadi Brest. Mwaka 2015 maji ya bwawa yalitolewa ili ukuta ukaguliwe, na nyumba zile zilizozama, pamoja na vigogo vya miti iliyokufa imesimama, vikaonekana tena kwa miezi michache. Watu walimiminika kutazama kama wanaokwenda kumwona marehemu.

Reli nayo ina habari ambayo msomaji wa Kenya ataielewa haraka kuliko Mfaransa wa Paris. Reli kuu za Ufaransa zina upana wa mita 1.435, sawa na hii yetu mpya iliyoanza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017. Lakini katikati ya Bretagne, kwa kuwa nchi ilikuwa na vilima na pesa zilikuwa chache, walijenga reli nyembamba ya upana wa mita moja kamili, ndugu ya reli yetu ya zamani iliyoanza kutandazwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Yao ilianza mwaka 1891, na makao yake yalikuwa mji wa Carhaix, ambako njia tano zilikutana kama vidole kwenye kiganja. Magari na malori yalipozidi, treni zikabaki tupu, na mwaka 1967 reli hiyo nyembamba ikafungwa. Sehemu moja tu, inayokwenda Guingamp na Paimpol, iliongezwa upana na ingali na treni.

Hapa ndipo nawavulia kofia. Vyuma viling'olewa, mataruma yakauzwa, lakini sehemu kubwa ya ardhi ya reli haikukatwakatwa ikagawiwa wenye nguvu. Ilibaki mali ya umma, ukanda mrefu mwembamba unaopita mashambani, umeota magugu na miiba. Baadaye mabaraza ya wilaya yakaufyeka, yakamwaga changarawe laini, yakaishindilia, yakarudisha madaraja. Treni ya zamani, kama farasi, haikupenda mlima mkali, kwa hivyo mteremko wa njia hizi ni wa pole. Na pale ambapo bwawa la Guerlédan lilimeza njia ya mfereji, mwendesha baiskeli huhamia kwenye njia ya reli iliyokufa inayopita upande wa kaskazini wa ziwa, akarudi mfereji mbele ya safari. Mfu mmoja humwazima mwenzake mguu.

Njia za aina hii Wafaransa huziita voie verte, yaani njia ya kijani, na si jina la mapambo. Tangu mwaka 2004 limo katika sheria zao za barabarani: ni njia ya watu wa miguu, ya vyombo visivyo na injini, na mara nyingine ya wapanda farasi. Penye maingilio huwekwa vigingi au vizuizi ambavyo baiskeli hupita na gari halipiti. Hutasikia honi. Utakachosikia ni changarawe ikinong'ona chini ya tairi, na kengele ya anayetaka kukupita. Mara moja moja utakutana na gari la wafanyakazi wanaokata nyasi au trekta la mkulima mwenye ruhusa, likienda mwendo wa kobe.

Mama, siwezi kukudanganya kwamba watoto hawataona gari hata moja. Njia hukatizwa na barabara hapa na pale, na katika miji midogo huenda wakapita vichochoro vyenye magari. Penye makutano, aghalabu mwenye baiskeli ndiye anayetakiwa kusimama. Na hapa pana mtego kwa mtoto wa Kenya ambao dadako, aliyezoea maisha ya huko, anaweza kuusahau: Ufaransa hupita kulia. Mtoto wetu akifika barabarani hutazama kulia kwanza, na gari la huko hutoka kushoto. Hata njiani penyewe, akipigiwa kengele, mwili wake utamvuta kushoto, hasa uso kwa uso na anayekuja. Wafanye mazoezi siku nzima mjini Rennes kabla ya safari. Kila wanapotembea kwenda dukani, awaulize: "Gari litatoka wapi?" Hadi wachoke na swali hilo.

Vilevile breki. Baiskeli nyingi za Ufaransa mkono wa kulia hushika gurudumu la nyuma, wa kushoto la mbele. Baiskeli zilizofungwa kwa desturi ya Kiingereza huwa kinyume. Mtoto aliyezoea moja akapewa nyingine, akashtuka, akabana ya mbele kwa nguvu juu ya changarawe, atapaa juu ya usukani kama mzigo uliokatika kamba. Kabla ya kuondoka kila mmoja ajaribu breki zake akienda polepole, aone ipi ni ipi. Na yule binti, sheria ya huko tangu Machi 2017 inasema mtoto aliye chini ya miaka 12 lazima avae kofia ngumu akiwa juu ya baiskeli. Kaka yake sheria haimlazimishi. Wewe mlazimishe.

Sasa maji. Nimekwambia uhamishie hofu yako huko, na sikutania. Ukingo wa mfereji hauna ua. Penye milango ya maji ukuta ni wima, mawe yana ute, na maji ni ya kina. Aliyetumbukia hapandi peke yake. Mtoto wa Umoja aghalabu hajui kuogelea, si kosa lake, madimbwi ya kuogelea tunayo machache na yana viingilio. Kwa hivyo kanuni iwe moja na isiwe na mjadala: penye milango ya maji watoto washuke, waisukume baiskeli, na wasisimame ukingoni kupigwa picha. Binti aendeshe upande ulio mbali na maji, mtu mzima kati yake na mfereji. Ikiwa bado mna miezi kabla ya Agosti, zile shilingi ulizotaka kununulia viatu vipya vya safari zipeleke kwa mwalimu wa kuogelea. Viatu vya zamani vinatosha baiskeli.

Kuhusu safari yenyewe, kutoka Redon hadi Pontivy kufuata mfereji ni kilomita zipatazo 110. Mtu mzima aliyezoea angeimaliza kwa siku mbili bila kujisifu. Dadako amepiga hesabu ya siku tatu, kilomita 37 kwa siku, na kwenye karatasi inaonekana rahisi. Lakini karatasi haina makalio. Changarawe huvuta gurudumu kidogo kuliko lami, na kwa kuwa njia ni tambarare hakuna mteremko wa kupumzikia: miguu hukanyaga kutwa. Binti wa miaka tisa anaweza kilomita 25 kwa siku akiwa na furaha. Zikizidi hapo atakuwa analia kilomita tano za mwisho, na hatataka kuona baiskeli kesho yake. Agosti jua la huko huchwa karibu saa tatu usiku, hivyo haraka ni ya nini?

Watapanda treni kutoka Rennes hadi Redon, mwendo usiotimia saa moja, baiskeli zikiwa humo humo ndani. Treni za eneo hilo hubeba baiskeli, ila nafasi huwa chache, na katika majira ya joto ni vyema kuuliza mapema. Redon ni mji wa maji matupu, kwani hapo ndipo mfereji unapokutana na mto Vilaine. Kutoka hapo njia hufuata mto Oust, maana wachimbaji hawakuwa wajinga: penye mto walitumia mto. Si mbali na Redon watapita penye majabali marefu yanayosimama pande zote mbili za maji, mahali paitwapo Île-aux-Pies. Walale njiani kabla ya Malestroit, au Malestroit penyewe wakiwa na nguvu. Ni mji mdogo wa nyumba za mbao na mawe zilizoinamiana kama wazee wanaosengenya, na juu ya baadhi yake mafundi wa kale walichonga wanyama wanaofanya vituko. Mwambie kijana awatafute. Watamfaa kuliko simu.

Siku inayofuata ni ya Josselin, na hapo wasipite mbio. Ukiwa bado njiani, mto hupinda, na ghafla ngome inakusimamia mbele ikiwa na minara mitatu ya mviringo inayochomoza juu ya jabali, na minara mingine mitatu imepinduka majini chini yake. Ngome hiyo ni ya ukoo wa Rohan, na ingali mikononi mwao. Watoto wetu wakizoea kuona ngome katika katuni hudhani ni kitu cha kuchorwa. Hii mtu hukaa ndani.

Baada ya Josselin njia huingia malishoni na misituni hadi kijiji cha Rohan, kilichoupa ukoo huo jina. Kutoka Rohan hadi Pontivy mfereji unaacha Oust, unapanda mlima na kushuka upande wa pili kuufikia mto Blavet, na kwa kazi hiyo kuna milango ya maji zaidi ya 50 katika kilomita zipatazo 25. Sehemu nyingine imefuatana karibu karibu hivi kwamba ukisimama kwenye mmoja unaona mwingine, na mwingine nyuma yake, ngazi ya maji inayokwenda juu ya mlima. Huko ndiko binti atakapochoka, na huko ndiko kanuni ya kushuka penye milango itakapoonekana ya kuchosha. Basi siku hiyo waianze mapema, wapumzike mara nyingi, na ikiwezekana waigawe mara mbili.

Pontivy penyewe ni miji miwili iliyoshonwa pamoja: wa kale wenye vichochoro, na mwingine wenye barabara zilizonyooka kama rula ambao Napoleon aliamuru ujengwe. Kwa miaka kadhaa katika karne ya 19 mji huo uliitwa Napoléonville.

Kijana wa miaka 14 akibaki na nguvu, kaskazini ya Pontivy, karibu na bwawa la Guerlédan, kuna kilima cha Mûr-de-Bretagne ambacho mbio za Tour de France hukipanda. Ni kama kilomita mbili tu, lakini barabara imenyooka mbele ya macho yako kama ukuta. Chris Froome, aliyezaliwa hapa Nairobi mwaka 1985 na kuanzia mbio zake akiwakilisha Kenya, alikipanda mwaka 2015, mwaka ambao alishinda mbio hizo kwa mara ya pili. Huko si njia ya kijani, ni barabara yenye magari, kwa hivyo aende na mtu mzima au asiende. Na huko Bretagne asithubutu kusema Froome ni bingwa kuliko wote. Hao ndio waliomzaa Bernard Hinault, mshindi mara tano, na Louison Bobet, mtoto wa mwoka mikate wa Saint-Méen-le-Grand, aliyeshinda mwaka 1953, 1954 na 1955. Ugomvi wa baiskeli kwao ni kama wa Gor na AFC kwetu.

Kuna wanafunzi wanaosoma ukurasa huu ambao wamepata nafasi vyuoni Ufaransa, na najua mnasema haya ni ya watoto na mashangazi. La. Kwenu hii ndiyo likizo ya bei nafuu kuliko zote. Miji mingi midogo njiani ina uwanja wa mahema unaoendeshwa na baraza la mji, wenye bafu na maji, na malipo yake si ya kukutoa jasho. Penye nyumba za wageni tafuteni kibandiko cha Accueil Vélo. Maana yake ni kwamba nyumba iko ndani ya kilomita tano kutoka njia ya baiskeli, ina mahali salama pa kuiweka usiku na vifaa vya kuzibia pancha. Wala msidanganyike kwamba lazima mnunue baiskeli hizi mpya za changarawe, zenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo, kama zile za mashindano yaliyoanza Masai Mara mwaka 2021. Ni nzuri, lakini bei yake ni karo. Baiskeli yoyote nzima yenye tairi pana kidogo itafika. Tairi nyembamba za mashindano ndizo zitakazowatesa, hasa mvua ikinyesha.

Nayo mvua itanyesha. Bretagne haina mwezi ulioapa kuwa mkavu. Changarawe ikilowa hurusha tope jembamba hadi mgongoni, kwa hivyo baiskeli zisizo na madigadi watoto watafika wakiwa na mstari wa kahawia kutoka kiunoni hadi shingoni. Nguo za akiba zifungwe ndani ya plastiki.

Chakula kisikusumbue akili. Wenyeji wana chapati yao kubwa nyembamba ya unga wa mtama mweusi wa huko, iitwayo galette, inayokunjwa ikiwa na yai na jibini ndani. Watoto wataipenda. Wengi huiwekea na nyama ya nguruwe, kwa hivyo asiyeila aseme mapema. Kinywaji kinachoandamana nayo hutengenezwa kwa matofaa, huletwa katika kikombe cha udongo kama cha chai, na kina kilevi. Kijana asijifanye hakujua.

Jambo jingine watakaloliona ni vibao vyenye majina mara mbili, Kifaransa na Kibretoni. Kibretoni si lahaja ya Kifaransa; jamaa yake ni lugha ya Wales, ng'ambo ya bahari. Bihan ni dogo, mor ni bahari, ndiyo maana wilaya watakayopita inaitwa Morbihan, bahari ndogo. Zamani mtoto aliyesikika akizungumza Kibretoni shuleni alivishwa kitu cha aibu shingoni, kipande cha mbao au kiatu, akakaa nacho hadi amnase mwenzake akisema neno la nyumbani. Baba yako, mama, au pengine wewe mwenyewe, mnakijua kile kibao kwa jina jingine. Watoto wakijifunza kusema demat kwa kuamkia na kenavo kwa kuaga, watu wazima wa vijiji vya huko watafurahi.

Mwisho ni karatasi. Watoto wanasafiri bila wewe, kwa hivyo mbali na viza watahitaji barua ya idhini ya wazazi na barua ya mwenyeji wao, na ubalozi hauna haraka katika miezi ya kabla ya likizo. Anza sasa. Mwulize pia dadako watarudije kutoka Pontivy na baiskeli tatu, maana hapo si Redon, na treni haiwasubiri. Ikiwa ana rafiki mwenye gari kubwa, amwombe mapema, kabla ya kulipia vitanda.

Tukutane Jumapili ijayo, na mwenye swali aandike.